Kijiko, mpishi wa bia aliyesahau kuandika saa moja na nusu

Saa tatu kasoro robo asubuhi, wakati viwanda vingine vimeshapamba moto, kiwanda hiki kidogo cha bia kimekaa kitako.

Umeme haujakatika na hakuna aliyegoma. Katika ukumbi wa kupikia, watu tisa wenye aproni na mabuti ya mpira wameketi kwenye benchi refu la mbao. Mmoja anamenya yai la kuchemsha. Wawili wanabishana kwa sauti ya chini kuhusu mechi ya jana. Mbele yao limesimama tangi la chuma lenye tumbo la lita elfu moja, limeviringishwa mablanketi matatu ya kijivu na kukazwa kamba kama mgonjwa wa homa. Ndani yake kuna uji wa moto wa kimea, yaani mtama uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa.

Mwandishi wa makala haya, kwa ule umbea wa kazi, ananyoosha mkono kufunua pembe ya blanketi achungulie. Mikono mitatu inamdaka kabla hajafika.

"Usiguse," anasema mwanamke mfupi, mnene kiasi, aliyechomeka kijiko cha chuma kwenye kilemba chake. "Hapo kazi inaendelea."

Mji mzima unamwita Kijiko, na hata ankara za kiwanda zimeandikwa hivyo. Ana umri wa miaka hamsini na miwili. Kijiko hicho hakimtoki kichwani tangu alfajiri hadi anapofunga kazi, maana huonja kila kitu kinachopita mbele yake: kimea, maji, hata barafu iliyoganda kwenye mlango wa jokofu. Mumewe, dereva wa malori ya masafa, aliwahi kulalamika kwamba akirudi safari huonjwa na yeye.

Miaka mitano iliyopita alikuwa na sufuria mbili za lita themanini. Leo ana matangi manne, wafanyakazi thelathini na wanne, na bia yenye rangi ya shaba inayokwenda miji sita. Mwezi uliopita bia hiyo ilishika nafasi ya kwanza katika maonyesho ya viwanda vidogo, mbele ya vingine ishirini na saba. Kombe liko ofisini, limejazwa kalamu.

Lakini ukitaka kujua kwa nini watu tisa wanalipwa kukaa kwenye benchi, itabidi akusimulie habari za mwaka juzi, alipokaribia kupoteza kila kitu. Anaisimulia bila haya. Katikati anacheka mpaka inabidi avue miwani afute macho.

Kwa miaka kumi na minne Kijiko alikuwa mpishi wa shule ya bweni. Kila asubuhi alikoroga uji wa wanafunzi mia sita kwa mwiko mrefu kuliko yeye. Shule ilipoamua kuwapa wakandarasi kazi ya jiko, wapishi wote waliambiwa wasirudi baada ya likizo. Alitoka na barua ya shukrani na maumivu ya bega la kulia.

Pombe ya mtama alifundishwa na shangazi yake, ambaye sasa ni marehemu. Kile ambacho shangazi hakumfundisha alijitafutia mwenyewe. Aliichuja mpaka ikang'aa, akaichemsha na maua makavu yenye uchungu ambayo wapishi wa bia huyatumia, akaitia hamira safi, akaijaza kwenye chupa. Chupa kumi za kwanza zilipasuka zote usiku mmoja na jirani akadhani wamevamiwa. Mwaka wa pili watu walikuwa wakija na kreti zao kupanga foleni mlangoni.

Mlango huo ni wa jengo lililokuwa zamani la kuoka mikate. Kuta zina vigae vyeupe vilivyopauka, na bomba la moshi limeinama kidogo. Paa lilizibwa na wifi yake, dada wa mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma anayejulikana mjini kwa mageti imara na mdomo usio na breki. Wifi ndiye aliyeweka nguvu zake nusu kwa nusu na Kijiko tangu siku ya kwanza.

"Mimi bia siijui," anasema Wifi, miwani ya kuchomelea ikiwa juu ya paji la uso. "Najua kuinywa. Ila nilimwona huyu anavyohangaika na sufuria mbili nikamwambia, wewe unapika kama maskini wakati watu wako mlangoni. Ngoja nikutengenezee tangi."

Alitumia miezi mitano kutengeneza tangi la kwanza. Kijiko naye aliuza kiwanja alichoachiwa na baba yake ili kununua chuma, injini ya kupoza na mashine ya kufunga vizibo. Waliajiri watu kumi na mmoja. Sita kati yao walikuwa wapishi wenzake wa ile shule, wale wale walioambiwa wasirudi. Kijiko alikwenda nyumba kwa nyumba kuwaita, na anakiri kwamba hajawahi kujisikia vizuri kama wiki hiyo.

Ilibidi sasa mapishi yaandikwe, kwa kuwa watu wengi wangeshika kazi iliyokuwa kichwani mwa mtu mmoja. Wifi alichukua daftari la shule, akakaa siku mbili pembeni ya zile sufuria na kuandika kila ambacho mikono ya Kijiko ilifanya. Kimea kilo ngapi, maji ya moto kiasi gani, yaonekane vipi, koroga mara ngapi, chuja kwa kitambaa gani, chemsha muda gani. Alipima joto kwa kipimajoto kipya alichojivunia kama mtoto. Mapishi yalitoka kurasa nne, yakachapwa, yakawekwa kwenye plastiki na kutundikwa ukutani.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo halikuingia katika kurasa hizo nne, na hakuna aliyeliona, si mwandikaji wala mwandikiwa.

Mama mzazi wa Kijiko, fundi cherehani wa zamani, alipatwa na kiharusi mwaka mmoja kabla ya shughuli za bia kuanza. Upande wa kulia haukufanya kazi, na maneno yalimtoka moja moja. Nyumbani ni mwendo wa dakika ishirini. Kwa hiyo kila siku ya kupika, Kijiko alichanganya kimea na maji ya moto saa mbili na nusu, akafunika sufuria kwa mablanketi zisipoe, kisha akatoka mbio. Alikwenda kumwogesha mama, kumlisha, kumgeuza na kumwekea redio, halafu akarudi mbio. Saa nne alikuwa amesharudi sufuriani, jasho linamtiririka, anaanza kuchuja.

"Nilikuwa najilaumu," anasema, na hapa hacheki. "Niliona kama naiibia bia muda wake. Nilijiambia, kama nisingekuwa na mzigo huu, hii bia ingekuwa nzuri mara mbili. Halafu nikijisikia nimemwita mama yangu mzigo, najilaumu tena. Basi hivyo hivyo, kwenda na kurudi, miaka mitatu."

Siku zile mbili za kuandikwa mapishi, alipotoka kwenda kwa mama alimwambia wifi yake akapumzike, kwamba hapo hakuna la kuandika. Wifi hakubisha. Alikwenda kunywa chai.

Tangi likawashwa. Kwa kuwa sasa kiwanda kilikuwa kinasogea, Kijiko alimwajiri mlezi wa kukaa na mama mchana kutwa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kupika bia, hakulazimika kuondoka. Alisimama kando ya tangi tangu mwanzo hadi mwisho. Walichanganya, wakakoroga, wakachuja papo hapo, wakachemsha, kila hatua kama ilivyoandikwa.

Lita elfu moja zilitoka na rangi ya maji ya kuoshea sufuria. Zilikuwa nyepesi, zimechafuka, na mdomoni zilibaki kama unga mbichi. Kijiko aliweka kijiko kinywani, akakitoa, akakitazama kana kwamba kosa ni la hicho kijiko.

Walimwaga. Wakapika tena, mambo yakaenda mrama vilevile. Wakamwaga. Mtaro wa mtaa ulinuka wiki nzima, na vijana wa gereji ya jirani wakaanza kusema mbu wa mtaa huo siku hizi wanaruka upande upande. Watu waliozoea kuja na kreti walirudi mikono mitupu, kwa adabu, wakisema watapita wiki ijayo.

Mtu mwenye akili angemwita mtaalamu, naye angelimaliza jambo hilo kwa dakika tano. Kijiko hakumwita. Aliogopa mtaalamu ataondoka na mapishi yake, na zaidi ya hapo aliona aibu. Mwandishi alimuuliza kama anajutia hilo. Alijibu kwamba jeuri yake anaijua, wanaishi nyumba moja.

Badala ya mtaalamu walitafuta mchawi. Kijiko alisema chuma cha tangi kina ladha. Wifi, ambaye alikuwa ameking'arisha chuma hicho kwa mikono yake mpaka kikawa kama kioo, alijibu kwamba chuma hakina neno, kimea ndicho kimeoza. Maneno yaliyofuata hawakukubali yachapishwe. Kwa siku tisa hawakuongea. Walifanya kazi ukumbi mmoja, hatua nne kati yao, wakitumiana salamu kupitia kwa dereva wa kiwanda. Dereva huyo anasema Kijiko alikuwa akimwambia, "Mwambie wifi yangu avute lile bomba," na wifi mwenyewe amesimama pale pale, anasikia, anasubiri kuambiwa.

Mteja wao mkubwa alikuwa mwenye hoteli tatu za kando ya barabara kuu. Ndiye aliyekuwa ameahidi kuchukua zaidi ya nusu ya kila pipa litakalotoka, na bila yeye tangi lile halikuwa na maana. Alikuja kuonja pishi la tatu. Alikunywa funda moja, akaweka glasi mezani taratibu, akaomba maji.

"Mama, nakuheshimu," alimwambia. "Rudi kwenye sufuria zako. Hiki kingine kimekuzidi."

Alimpa mpaka mwisho wa mwezi. Hapo atafungua ukumbi mpya wa hoteli yake ya tatu, na bia itakayokuwa kwenye mabomba ya ukumbi huo ndiyo itakayokaa. Kijiko alihesabu siku. Kutoka kupika mpaka kunywa, bia yake inahitaji wiki tatu. Kilichobaki kilikuwa kimea cha pishi moja na siku za pishi moja.

Aliwakusanya wale watu kumi na mmoja kwenye benchi hilo hilo la mbao, akawaambia ukweli. Pishi la nne likiharibika, tangi litauzwa, yeye atarudi kwenye sufuria mbili, na sufuria mbili zinatosha mtu mmoja. Mmoja wa wale wapishi sita wa shule aliinuka akaenda kufagia pale palipokuwa pameshafagiwa.

"Niliwatoa majumbani kwao mimi mwenyewe," anasema Kijiko. "Sasa niwaambie nini, kwamba mara ya pili ni mimi ninayewafukuza? Nilikuwa silali."

Asubuhi ya pishi la nne, saa mbili na dakika arobaini, simu yake ililia. Alikuwa mlezi. Mtoto wake ameungua na chai, yuko naye zahanati, hajafika kwa bibi na hatafika. Kijiko alimtuma mmoja wa wapishi akakimbie kumwangalia mama. Baada ya nusu saa mpishi akapiga simu kwamba bibi amefumba mdomo, hataki uji wa mtu asiyemjua, na analia.

Uji wa kimea ulikuwa umeshachanganywa, umejaa tangini, unafuka mvuke. Kwa mujibu wa kurasa nne za ukutani, ulitakiwa uchujwe dakika hiyo. Kijiko alilitazama tangi, akautazama mlango. Halafu akamgeukia wifi yake na kumwambia maneno ya kwanza baada ya siku tisa.

"Wifi, nakwenda kwa mama. Funika hiyo, na mtu asiguse."

Wifi anasema angeweza kubisha. Lakini uso aliouona haukuwa wa kubishana nao. Akachukua yale mablanketi ya zamani ya sufuria yaliyokuwa yamekunjwa stoo, akalifunika tangi, akaburuta kigoda, akakaa mbele yake amekunja mikono. Kila aliyesogea alifukuzwa.

Nyumbani, mama alikula. Alikula polepole kuliko siku zote, na alipomaliza alimshika binti yake mkono kwa ule mkono wake mzima, hakuuachia. Kijiko alikaa kitandani, roho juu, akijua kwamba kila dakika inayopita inamalizia kilichobaki. Anasema palikuwa na wakati aliacha kuhesabu. Alisema moyoni, basi iharibike, nitakuwa nimekaa na mama yangu. Wakasikiliza redio pamoja mpaka mama akasinzia.

Alirudi kiwandani saa nne na nusu, hakimbii. Alifungua kamba, akafunua blanketi, akachota kwa upawa, akatoa kijiko kilembani.

Wafanyakazi waliokuwapo wanasimulia kwamba alionja mara moja, akasimama. Akaonja mara ya pili. Kisha akajaza kijiko na kukipeleka mdomoni mwa wifi yake, kama mtu anavyomlisha mtoto dawa.

Wifi akameza. "Mbona tamu?"

"Nakuuliza wewe," Kijiko akasema. "Mmefanya nini?"

"Hatujafanya kitu. Umesema tusiguse."

Wakatazamana. Kijiko alikaa sakafuni, kwenye vigae vilivyolowa, aproni na yote, akaanza kucheka huku machozi yanamtoka, na watu wakadhani amepata kichaa. Alikuwa anapiga vigae kwa kiganja, anarudia maneno yale yale: nilikuwa naondoka, jamani, mimi nilikuwa naondoka.

Mwalimu wa kemia wa mjini alikuja kueleza baadaye, kwa kulipwa chupa sita. Kimea kikiachwa na joto lake, wanga uliomo hugeuka taratibu kuwa sukari, na hamira huila sukari hiyo na kutengeneza bia. Ukichuja mapema unachuja unga na maji. Saa moja na nusu ambayo Kijiko aliionea haya kwa miaka mitatu, ile ya kumwogesha na kumlisha mama, ndiyo iliyokuwa ikipika bia yake. Haikuandikwa kwa sababu yeye mwenyewe hakuihesabu kuwa kazi.

Jioni hiyo alikwenda kumsimulia mama yote, tangu sufuria hadi tangi. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kutafuta maneno, moja moja, kama anavyoyatafuta siku zote.

"Kwa hiyo," akasema, "mpishi... ni mimi."

Pishi la nne lilikomaa siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi. Mwenye hoteli alikuja, akabaki amesimama, ufunguo wa gari mkononi, wa kuonja na kuondoka. Alikunywa funda. Akavuta kiti. Alimaliza glasi nzima, akaisukuma mbele ijazwe tena, akamaliza na hiyo. Kijiko alikuwa amesimama mbele yake mikono imefumbatwa chini ya aproni, na nyuma yake watu kumi na mmoja wakijifanya wana shughuli.

"Leta yote," akasema.

Ukumbi ulilipuka. Dereva anasema Wifi alimbeba Kijiko juu juu na kumzungusha, ingawa Kijiko si mwepesi na Wifi ana mgongo mbovu. Wapishi sita wa shule waligonga sufuria kwa miiko mpaka vijana wa gereji wakaja kuuliza kuna nini, nao wakapewa glasi. Tangu siku hiyo hawajasema tena habari za mbu.

Baada ya hapo kiwanda hakikutazama nyuma. Tangi la pili lilikuja kabla mwaka haujaisha, la tatu na la nne yakafuata, yote kwa mikono ya Wifi. Wale kumi na mmoja wapo wote, na wengine ishirini na watatu wameongezeka. Kijiko analipa karo za wajukuu wawili, na amejenga choo cha ndani na bafu pana nyumbani, kiti cha magurudumu kinaingia na kugeuka.

Kwenye mapishi ya ukutani sasa kuna ukurasa wa tano, ulioandikwa kwa mwandiko wa Wifi, herufi kubwa: MUDA WA BIBI. SAA MOJA NA NUSU. KAENI. Mfanyakazi mpya akiingia, jambo la kwanza analofundishwa ni kukaa. Kijiko anasema hilo ndilo linalowashinda wengi, hasa wachapakazi.

Anapoulizwa mipango yake, mwandishi anatarajia kusikia habari za tangi la tano. Lipo, Wifi ameshakata vyuma. Lakini Kijiko anataka jambo jingine kwanza. Anafuta kijiko kwenye aproni na kukichomeka kilembani, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii sauti yake inashuka.

Alhamisi ijayo, anasema, kiwanda kitapika bila yeye. Hatakuwa ofisini wala nyumbani, na simu ataizima. Mapishi sasa yameandikwa yote, hayana shimo, na wale wapishi sita wanayajua kuliko yeye. Mumewe ameomba ruhusa ya wiki moja, ameosha gari, ameweka godoro nyuma kwa ajili ya bibi. Bibi amechagua mwenyewe gauni la safari na ameshalivaa mara mbili.

"Wanakwenda wapi?" Wifi anadakia kutoka kwenye ngazi. "Muulize wanakwenda wapi, maana mimi hataki kuniambia."

Kijiko anainua mabega. "Sijui bado," anasema. "Popote. Tangu nizaliwe sijawahi kwenda mahali bila haraka ya kurudi. Nataka nione kukoje."